Waliobeba Kelele za Harusi ya Adelina

Alfajiri ya Jumanne, kabla jogoo wa jirani hajawika, kijiko cha chai kiligonga ukingo wa kikombe jikoni kwa Apolinaria, mara moja tu. Adelina, binti yake wa mwisho, alikishika kijiko kwa vidole viwili akakituliza, kisha akaendelea kukoroga sukari bila kugusa kikombe mahali popote. Vijiko vingine vililala kwenye droo vikiwa vimeviringishwa katika kipande cha kanga. Vifuniko vya sufuria vilitenganishwa kwa magunzi ya mahindi visije vikagongana. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Alianza mwenyewe akiwa na miaka saba, na hajawahi kulizungumzia.

Chumbani, Apolinaria alikuwa amekwisha kukisikia kijiko. Hakikumuumiza, kilikuwa kijiko kidogo. Yaliyomuumiza yalikuwa makubwa: mashine ya kusaga, honi ya lori, spika, tarumbeta, bati linaloburutwa juu ya mawe. Sauti ya namna hiyo ilimwingia sikioni kama sindano ya kushonea magunia, ikashuka kwenye meno, ikakaa huko mpaka jioni. Hospitali walimpima mara tatu. Daktari, kijana mwenye mikono ya upole, alimwambia masikio yake ni mazima kuliko ya kwake yeye daktari, akamwongezea pamba kwa kuwa hakuwa na kingine cha kumpa. Apolinaria aliichanganya pamba ile na nta ya nyuki akawa anaziba. Ilisaidia, kama mwavuli unavyomsaidia mtu aliyetumbukia mtoni.

Majirani zake wa Ntalikwa walikuwa na maelezo yao. Wengine walisema ni maringo. Wengine walisema amezoea kukaa na nyuki za marehemu mumewe, Sixbert, mpaka amesahau kukaa na watu. Hakuna aliyemchukia. Walimletea mboga, walimsaidia kuezeka jiko, na mvua iliponyesha walimwanulia nguo. Ila akiwaomba wapunguze sauti ya redio walicheka, kwa kuwa walidhani anataka kuwachekesha.

Miaka sita nyuma, kwenye harusi ya binti yake mkubwa, Bertila, Apolinaria alikaa meza kuu kwa dakika kumi na moja. MC alipowaomba wageni wampigie mama mzazi makofi, na spika nazo zikapiga, aliinuka akatoka. Walimkuta stoo, amekaa katikati ya magunia ya mahindi, na gunia tupu amejifunika kichwani. Keki ilikatwa bila yeye. Upande wa bwana harusi walisema mama anayeinuka kabla ya keki amemkataa mkwe. Damas, mume wa Bertila, alilichukua hivyo, akaenda na mke wake Nzega, na tangu siku hiyo Bertila hakukanyaga nyumbani kwa mama yake. Alikuwa akipiga simu tu, kila Jumapili jioni, kwa sauti ya chini.

Sasa Jumamosi ilikuwa zamu ya Adelina. Mchumba wake, Tobias, alikuwa mtu wa Usoke, mkulima wa tumbaku, mwana wa mjane aitwaye Recheli. Watu wa Usoke walikuwa wamekwisha kuulizia, kwa adabu, kama mama wa bibi harusi ana kawaida ya kuinuka.

"Mama, ukishindwa nikonyeze," Adelina alisema, akimwekea chai. "Nitajifanya nimezimia. Wote watanitazama mimi."

"Bibi harusi hazimii kabla ya keki. Watasema una mimba."

"Basi nitazimia taratibu."

"Nitakaa," Apolinaria alisema. "Nikikaa moja kwa moja nitakuwa nimekuozesha. Nikiinuka nitakuwa nimekupoteza kama mwenzako. Kunywa chai yako."

Jua lilipochomoza, wapagazi walifika.

Walipita kila mwaka baada ya mavuno, kwa njia ileile ya zamani ya misafara, iliyotoka Ujiji ikakatiza Unyanyembe na kuendelea pwani. Njia hiyo ilipita nyuma ya nyumba ya Apolinaria, kati ya choo na mti wa mninga. Walikuwa wanaume arobaini, wote walikufa zaidi ya miaka mia na thelathini iliyopita, na walitembea kwa mstari mmoja bila kukanyagana visigino. Mbwa wa mtaa walikuwa wamechoka kuwabwekea. Mwenyekiti wa mtaa aliwahi kuwaandika kwenye daftari la wageni, lakini walipofika kwenye swali la siku ya kuondoka hawakuwa na jibu la kueleweka, naye akalifunga daftari akawatakia safari njema.

Mwaka huo walisimama kuomba maji. Aliyetangulia alikuwa kirangozi wao, Lugembe, mwenye manyoya kichwani na njuga miguuni. Alipomwona Apolinaria anainua mikono kuelekea masikioni, aliinama, akavua njuga zote mbili, akazilaza kwenye majani mabichi ili zisilie. Apolinaria aliliona jambo hilo. Katika miaka sitini na minne, hakuwahi kumwona mtu akifanya hivyo bila kuombwa, isipokuwa Adelina.

Salamu ziliwachelewesha kidogo. Lugembe alitaka kumpa shikamoo kwa kuwa yeye alikufa na miaka thelathini na miwili. Apolinaria alitaka kumpa shikamoo kwa kuwa babu yake mwenyewe alikuwa hajazaliwa Lugembe alipokuwa akifika Bagamoyo. Waliambiana "mwangaluka" kwa Kinyamwezi na jambo likaisha.

"Siku hizi mnabeba nini?" Apolinaria aliuliza, akimpa kata ya maji.

"Hatubebi, mama. Pembe zimekwisha, na nguo watu wananunua mnadani. Tunakwenda pwani vichwa vitupu, tunarudi vichwa vitupu."

"Si mnapumzika basi."

"Shingo inauma," Lugembe alisema. "Shingo ya Mnyamwezi haikuumbiwa kukaa bila mzigo."

Mpagazi aliyekuwa nyuma yake, mtu mfupi mwenye kifua kipana, alisema kwamba yeye alikuwa akijitwika jiwe, lakini jiwe halina anayelisubiri mbele ya safari, na mzigo usiosubiriwa hauna raha.

Saa moja na nusu, Majidi aliwasha mashine ya kusaga. Kibanda chake kilipakana na ua wa Apolinaria, na bomba la moshi lilitazama dirisha lake. Apolinaria alichuchumaa palepale, viganja masikioni. Wapagazi waliitazama ile sauti ilivyopita juu ya ua, wakaiangalia juu na chini kama watu wanaoangalia gunia.

"Hii ya nani?" Lugembe aliuliza mashine ilipopumua kidogo.

"Ya Majidi. Nimemwomba miaka mitatu ageuze lile bomba liangalie shambani. Anasema mashine haijui kunong'ona, na mimi nikakae zangu msituni na nyuki."

"Anaihitaji?"

"Mashine?"

"Kelele."

Apolinaria alifikiri. "Anahitaji unga. Kelele sidhani."

"Basi ni mzigo," Lugembe alisema. Wapagazi walianza kunyoosha shingo. "Lakini hatuchukui mzigo wa mtu kwa siri. Msafara wetu haukuwa wa wezi. Mwenyewe lazima atutwishe."

"Hatakubali. Mimi nimemwomba mpaka nimechoka."

"Kuna mtu hapa Tabora anayekataa kumtwisha mwenzake?"

Hakuwepo. Mtu akisimama mbele ya mzigo wake, ndoo ya maji au tita la kuni, akasema nitwishe, yeyote apitaye huweka chini alichoshika na kumwinulia, hata kama wamegombana asubuhi, hata kama hajui ndani kuna nini. Apolinaria mwenyewe aliwahi kumtwisha mwanamke aliyekuwa amemwibia kuku, na kuku alikuwa ndani ya kapu.

Wapagazi wawili walikwenda kibandani. Majidi alikuwa na unga kwenye kope.

"Kaka, tutwishe," walisema.

Majidi alijipangusa mikono kwenye suruali, akaingia upande wa pili wa ile kelele, akapiga magoti, akaishika chini. "Moja, mbili, haya," alisema. Iliinuka. Ilikuwa nzito kuliko alivyodhani, ikabidi aisukume kwa bega. "Poleni sana. Mnafika nayo mbali?"

"Mbali kidogo."

"Poleni. Angalieni ngazi."

Mashine iliendelea kusaga bila sauti. Majidi alidhani mkanda umekatika, akachungulia, akaukuta unazunguka. Unga ulitoka. "Leo inasaga kwa adabu," aliwaambia wanawake waliokuwa kwenye foleni, akaendelea na kazi.

Lugembe alikubali msafara upumzike pale mpaka Jumamosi. Kirangozi hakuwa mtu wa kuchelewesha safari, lakini aliwatazama watu wake walivyokuwa wakizunguka ule mzigo mmoja kwa furaha, kila mmoja akiugusa, akaona hana moyo wa kuwakatalia. Waliifunga kelele ya Majidi kwa mkeka na kamba za magome, wakaiegemeza kwenye mninga. Ilikuwa ikinguruma humo ndani polepole, kama tumbo la mtu aliyekula maharage. Kuku waliizunguka kwa mbali.

Siku ya Jumatano alipita mwuza dagaa mwenye baiskeli na kipaza sauti. Mpagazi mmoja alimsimamisha, naye akaegesha baiskeli na kumtwisha tangazo lake lote, pamoja na ile sehemu ya "wa Kigoma, wa Kigoma, hawana mchanga." Aliendelea kuzunguka mtaa mzima akifungua na kufumba mdomo, wala hakuuza. Apolinaria alimwonea huruma akanunua visado viwili, ingawa hali dagaa.

Kwa hiyo mpaka Jumamosi watu watatu walikuwa wamepata mizigo, na thelathini na saba walikuwa wakisubiri harusi.

Misa ya ndoa ilikuwa ya saa nne, na kwaya siku hiyo iliimba bila vyombo. Shida ilianza walipotoka. Matarumbeta sita yalikuwa yamepanda nyuma ya gari dogo la mizigo, tayari kuwasindikiza maharusi mpaka ukumbini. Apolinaria alikuwa amekwisha kushika ukuta. Wapagazi sita walisogea wakasema nitwishe, na wapiga tarumbeta waliweka vyombo chini mmoja baada ya mwingine na kuwatwisha. Wa mwisho, kijana aliyekuwa anapuliza lile kubwa kuliko yote, alimkunjia mpagazi wake shati lake mwenyewe liwe kata ya kichwani, kwa kuwa alimwona hana. Wapiga tarumbeta walienda njia nzima wakijaza mashavu hewa, na msafara wa pikipiki ukiwa nyuma yao.

Ukumbini kulikuwa na spika nne ndefu kama milango. MC alikuwa Revocatus, mtu maarufu mjini kwa koti lake la kumetameta na kwa kutowahi kumaliza harusi akiwa na sauti. Alisema, "Haloo haloo, Usoke mpo?" na vidole vya Apolinaria vikaanza kukunja kitambaa cha meza. Adelina alimtazama. Jicho moja lilikuwa tayari linajiandaa kuzimia.

Wapagazi kumi na sita waliingia kwa mlango wa pembeni, wanne kwa kila spika.

"Kaka, tutwishe," alisema yule mfupi mwenye kifua kipana.

Revocatus aliibana maikrofoni kwapani. "Una kata?"

"Ninayo."

"Shika chini hapo, usishike juu, juu kunateleza. Taratibu. Haya." Aliwatwisha wote kumi na sita, jasho likamtoka, akawaagizia soda. Kisha akarudi kwenye nafasi yake na kuendelea kuwakaribisha wageni, na ilimchukua robo saa kugundua kwamba hakuna anayemsikia, kwa kuwa yeye mwenyewe alijisikia vizuri kabisa kichwani mwake.

Fundi mitambo aliongeza sauti. Zikaja kelele nyingine juu ya zile, ikabidi kila spika iongezewe watu watatu, na fundi mwenyewe akawatwisha kwa kuwa alikuwa karibu. Jenereta ilichukua wawili. Lugembe alihesabu kwa kutazama. Wapagazi thelathini na tisa walikuwa wameelemewa, wamejipanga nje kwa mstari, wanatabasamu. Aliyebaki ni yeye tu, na kirangozi kwa desturi habebi.

Ukumbini zilibaki sauti ndogondogo. Apolinaria alisikia uma kwenye sahani. Alisikia mtoto akiuliza nyama imekwenda wapi. Alimsikia Tobias akimwuliza Adelina kama viatu vinambana, na Adelina akisema vinambana, na Tobias akimvulia chini ya meza bila kuinamisha uso, huku akiwatabasamia wageni. Hakuwahi kujua kwamba ndani ya harusi kuna vitu hivi. Alikaa, mikono imetulia.

Wageni hawakufurahi.

"Harusi imepooza kama msiba," alisema mwanamume mmoja wa meza ya tatu.

"Hata misiba siku hizi ina spika," mkewe alimjibu.

Revocatus alimwita mama wa bibi harusi atoe nasaha, kwa kuashiria kwa mkono. Apolinaria alisimama. Alizungumza kwa sauti yake ya jikoni, na watu ikabidi watege masikio.

"Adelina, mwanangu, mumeo akikosea mbele ya wageni, mrekebishe wageni wakiondoka. Na wewe Tobias, mlango ufungwe kwa mkono, usifungwe kwa teke. Hayo tu. Mimi nawapenda."

Alikaa. Watu walipiga makofi kidogo, ya kawaida, ya mikono mitupu.

Ndipo keki ililetwa, na wanawake wa pande zote mbili, karibu sitini, wakasimama kwa ajili ya vigelegele. Apolinaria aliona midomo inafunguka. Aliziona ndimi. Alishika ukingo wa kiti. Dakika kumi na moja za harusi ya Bertila zilimjia zote mara moja, pamoja na harufu ya magunia. Miguu ilianza kujiinua yenyewe, na Adelina, kisu mkononi, akaona magoti ya mama yake yakinyooka.

Lugembe aliyaona pia. Alivua manyoya yake kichwani akayashika mkononi. Alikwenda mpaka mbele ya mwanamke aliyekuwa akiongoza vigelegele, mwanamke mnene mwenye kilemba kikubwa cha kitenge cha bluu. Alikuwa Recheli, mama wa Tobias.

"Mama, nitwishe," Lugembe alisema.

Recheli alifumba mdomo. Vigelegele havifungwi kwa kamba. Vinapepesuka kama kambare. Alivikusanya kwa kanga, vya kwake na vya wenzake, akavipiga fundo, akainama na kuviinua juu ya kichwa cha kirangozi. Alipoinua, kilemba kilimteleza nyuma, na Apolinaria akaona masikio yake. Yalikuwa yamezibwa pamba na nta.

Recheli alijifunga kilemba upya bila haraka. Kisha alimwinamia Apolinaria kama mtu anayempongeza.

"Mkwe," alimnong'oneza, "tangu asubuhi nilikuwa natafuta pa kuutua mzigo huu."

Apolinaria alirudi kitini. Adelina alikata keki. Alimlisha mama yake kipande cha kwanza, kwa haraka hata kikamwangukia Apolinaria kwenye gauni, wakakiokota wote wawili wakakila hivyohivyo. Watu wa Usoke walitazamana wakaitikia kwa vichwa. Mama alikuwa amekaa.

Chakula kilipokwisha, Damas alikuja meza kuu. Alikuwa amefika kutoka Nzega na Bertila, na walikuwa wameketi karibu na mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Mmesafirije?"

"Salama. Leo umekaa."

"Nimekaa."

"Mpaka mwisho."

"Hakukuwa na kelele, mwanangu. Wapagazi wamezibeba zote."

"Wapagazi nimewaona," Damas alisema. "Mmoja alinikanyaga pale mlangoni akaniomba radhi, mtu mstaarabu sana. Hilo sibishani nalo. Lakini muziki kumuumiza mtu masikio, mama, hapo unatutania." Alinyoosha koti. "Kumbe unaweza kukaa. Kwa hiyo kwangu ulikusudia."

Bertila alisimama nyuma ya mumewe. Alimsogelea mama yake, akampangusa makombo ya keki kwenye gauni, akamnyooshea kola. Kisha wakaondoka ili wawahi gari la Nzega.

Wapagazi waliondoka jioni ileile, jua likiwa bado juu. Lugembe alitembea mbele na vigelegele vyake, shingo imenyooka. Njuga zake alizibeba mkononi, na alizivaa tu walipokwisha kuvuka reli, mbali na nyumba.

Jumatatu, Dafrosa, mdogo wake Apolinaria aliyeishi Tura karibu na stesheni, alipiga simu.

"Dada, kuna MC hapa. Hatumwoni. Tangu jana anatukaribisha meza kuu."

"Wametua mizigo kambini," Apolinaria alisema. "Inapita tu, mdogo wangu. Nisamehe. Ziba masikio."

"Mimi hayaniumi. Abiria ndio wanaochelewa treni. Anasema makofi tafadhali, wanasimama wanapiga. Halafu yanakuja matarumbeta, halafu mtu anauza dagaa. Watu wanauliza dagaa wako wapi."

Siku ya tatu kelele zilikuwa zimeshafika Itigi, na Dafrosa alisema Tura pamekuwa kimya mpaka pameboa.

Mjini, kamati ya harusi ilikaa ikaona kwamba vyombo vilikuwa duni. Iliamuliwa kwamba harusi inayofuata iwe na spika nane. Revocatus hakulaumiwa. Walikubaliana kwamba koti lake lilifanya kazi yake.

Majidi naye alikuwa na matatizo. Wanawake walianza kupeleka mahindi kwa msagaji mwingine, kwa kuwa unga usiopigiwa kelele ulionekana haujasagwa. Baada ya wiki moja alinunua injini kubwa zaidi. Alikuja mwenyewe kumtaarifu Apolinaria kabla ya kuiwasha, kwa heshima, akamletea kilo mbili za unga wa kwanza, na akamwuliza kama anamdai tena lile ombi la bomba. Apolinaria alisema ndiyo. Majidi alicheka sana, akamwambia, "Mama Bertila, wewe hunichoshi," akaenda kuiwasha.

Mwisho wa mwezi Apolinaria aliziba masikio, akachukua chupa ya asali, akapanda basi kwenda Usoke kumsalimia binti yake. Adelina alikuwa amenenepa kidogo. Tobias alifunga mlango kwa mkono. Apolinaria alipouliza Recheli alipo, walimwonyesha bani la kukaushia tumbaku, nyuma ya shamba.

"Anapanga majani," Tobias alisema. "Mama anapenda sana kupanga majani. Akiingia humo hatoki mpaka jioni."

Bani lilikuwa la matofali mazito, lisilo na dirisha, na majani makavu yalining'inia safu kwa safu mpaka juu. Recheli alikuwa amekaa kwenye mkeka. Hakuwa anapanga chochote. Alisogea, akamwachia Apolinaria nusu ya mkeka.

Walikula michembe ya viazi vitamu na karanga. Mahali fulani huko nje mtu aliwasha redio, na humo ndani ilifika imekwisha nguvu, kama mtu anayezungumza ng'ambo ya mto. Recheli alitoa pamba yake akaiweka kwenye kifuniko cha chupa. Apolinaria alitoa ya kwake akaiweka pembeni ya ile.

"Miaka mingapi?" Apolinaria aliuliza.

"Humu ndani, ishirini na mmoja. Nilimwambia marehemu baba Tobias mara moja. Alicheka, akawaambia ndugu zake, nao wakacheka. Tangu hapo napanga majani."

"Hukuwahi kuwaambia watoto?"

"Wewe uliwaambia wako. Ilikuwaje?"

Apolinaria alichukua karanga, akaipasua taratibu. "Mmoja ananifutia makombo," alisema. "Mumewe anasema nilikusudia."

"Ndiyo hivyo," Recheli alisema, akamsogezea sahani.

Walikaa mpaka saa tisa. Wakati fulani Recheli alisinzia, mdomo wazi, na Apolinaria alikaa bila kujitikisa ili mkeka usimwamshe. Saa ya basi ilipofika, Recheli alimsindikiza mpaka barabarani, wote wawili wameziba tena, kilemba cha bluu kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Ilibidi wasimame karibu sana ili wasikilizane.

"Uje tena, mkwe," Recheli alisema. "Uje Alhamisi. Alhamisi kwaya wanajaribu spika mpya. Wakikuuliza, sema umekuja kunisaidia kupanga majani."